Sufuria la Dada Esta

Simu ilinikuta jikoni kwa mwanangu hapa Kilosa, siku ya Jumatano, jua linaelekea kuzama, nimekaa peke yangu nachambua mchicha ambao sikujua nani angeula. Aliyepiga ni Naomi, mtoto wa dada yangu Esta, wa kule Mikumi. Alisema, "Shikamoo mama mdogo," nikaitikia marahaba, kisha akanyamaza kidogo, na katika kunyamaza kule nikajua. Mtu wa umri wangu hahitaji kumaliziwa habari. "Mama ametutoka," akasema. "Tumemkuta asubuhi kitandani, amelala vizuri tu. Na lile sufuria lake liko mafigani, lina ukoko, amelifunika. Kama kawaida yake." Aliposema hivyo alicheka kidogo katikati ya kilio, kama mtu anavyocheka kichaa kidogo cha mzazi wake. Mimi sikucheka. Dada yangu alipika ugali kila jioni, akala, akabakiza tonge, akafunika, akalala bila kuosha sufuria, tangu Naomi ana miaka minne mpaka Naomi amekuwa bibi mwenyewe. Watu walidhani ni uvivu, wengine wakadhani ni uchawi. Ilikuwa ni kumngoja mtu. Na mtu huyo hakuja kwa sababu yangu mimi.

Nitaeleza mwaka mmoja tu. Habari za wazazi wetu nitaziacha zilale, na habari za ndoa yangu hazina faida kwa mtu. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesoma mpaka darasa la nne, sina kazi. Dada Esta akatuma salamu kwa dereva wa lori kwamba nije Mikumi nimsaidie watoto. Alikuwa ameolewa na Yeremia, mtu wa Vidunda, mlimani, aliyekuwa kibarua wa kikosi cha barabara. Nyumba yao ilikuwa karibu na kambi ya kikosi: udongo, paa la nyasi, vyumba viwili na sebule ndogo ambayo mkeka mmoja ukitandikwa imekwisha. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha fito bila ukuta upande mmoja, na mbele yake kichanja cha vyombo, kirefu, kimeegemea mti wa mpapai. Ukiingia uani kutoka barabarani, kitu cha kwanza kukiona ni kile kichanja, hata kabla ya mlango. Nakieleza kwa urefu kwa sababu kina maana.

Nyumba ile mchana ilikuwa kama stesheni. Jogoo wa kwanza Esta ameshatoka, unga kichwani, kwenda banda la chakula kando ya barabara kuu, alikopika pamoja na Bi Hadija, mjane mmoja mnene mwenye sauti ya kiume, wakiwalisha madereva na abiria wa mabasi. Yeremia alitoka kwa baiskeli kwenda kambini, na huko lori liliwachukua na masepeto yao kwenda kufukia mashimo. Hamisi, mfanyakazi mwenzake Yeremia, kijana wa Kimamba aliyepanga chumba cha pili, alitoka naye akiwa bado anatafuna muhogo wa jana. Nabaki mimi, na Naomi, na Stefano ambaye alikuwa anaota meno na hakutaka kushuka mgongoni. Mchana kutwa hakuna aliyemwona mwenziwe. Nyani walikuja kutoka upande wa mbuga kuiba mahindi juu ya paa, nikawarushia mawe, hao ndio walikuwa wageni wangu. Lakini jioni ilikuwa na sheria. Jioni hakuna tonge lililoingia mdomoni mwa mtu mpaka wote tumefika, hata awe amechelewa namna gani, hata Stefano alie namna gani, yeye peke yake akipewa uji wa kumnyamazisha. Wakifika wote, nasonga ugali, sahani moja kubwa ya bati, bakuli la mboga katikati, birika la kunawa linazunguka, Yeremia anaomba kwa maneno machache, Hamisi naye anasema bismilahi yake, tunakula. Nimekula sehemu nyingi tangu siku hizo, harusini, misibani, kwa watoto wangu. Njaa tamu kama ile ya kungojana sijaionja tena.

Kosa langu la kwanza nililifanya wiki ileile niliyofika. Sisi kwetu Kilosa tumelelewa kuosha sufuria papo hapo, ugali ukishapakuliwa tu, kabla ukoko haujashika na kabla panya hawajapata habari. Basi siku ile Hamisi alikuwa hajarudi, alikuwa amebaki kambini kunyolewa, na Yeremia alikuwa ametuambia tule tu, Hamisi awekewe. Nikamwekea kwenye bakuli vizuri, nikasugua sufuria kwa majivu likang'aa, nikalifudikiza kichanjani, mdomo chini. Yeremia alitoka nje kunawa, akaliona, akasimama. Akauliza, "Nani amekufa?" Nikadhani ni utani. Akalichukua mwenyewe, akalisimamisha, akalirudisha mafigani na maji kidogo ndani. Hamisi alipofika na kichwa chake kinang'aa akasikia habari, akacheka mpaka akakaa chini: "Watu wa Kilosa bwana! Mnaosha vyombo kama treni inawaacha. Yaani shemeji, mimi nakwenda kunyoa, wewe unanizika?" Yeremia hakucheka. Alikaa pale kwenye kigoda, akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto mahali penye nyoka.

"Kwetu Vidunda," alisema, "sufuria la usiku linalala wazi mpaka wa mwisho ale. Ukilifudikiza kabla hajafika, umemwambia hana nyumba. Bibi yangu aliyenilea alimfukuza babu hivyo. Hawakugombana, hakufungua mdomo. Babu alitoka shamba, akaliona sufuria, akaweka jembe chini, akageuka. Nilikuwa mdogo kama Naomi. Hatukumwona tena."

"Hakuuliza?" nikasema.

"Aulize nini? Alikuwa ameshaambiwa."

Esta akasema, "Mambo ya milimani hayo, usimtishe mdogo wangu." Lakini niliona kwamba yeye mwenyewe aliifuata sheria ile, na alikuwa ameifuata tangu anaolewa, maana alikuwa anampenda. Simjui mtu aliyempenda mume namna ile. Akirudi kutoka bandani, miguu imevimba, moshi umemwingia mpaka kwenye nywele, kitu cha kwanza anauliza, "Baba Naomi kaja?" Nikisema bado, anakaa jikoni na mimi, anaondoa viatu, hataki hata maji. Nikimwambia, "Dada, onja basi mboga," anasema, "Nikionja nitashiba, na nikishiba nitakuwa nimekula peke yangu." Wanangu wa siku hizi nikiwaeleza hili wanatazamana. Kwa mwanangu hapa kuna hotipoti mbili nzuri. Mkwe wangu anapika mchana akipata nafasi, anajaza, anafunga. Mwanangu anarudi saa yake anachota, mkwe anarudi saa yake anachota, wajukuu wanachota na kwenda chumbani na simu zao. Chakula ni cha moto kwa kila mtu, hakuna anayemngoja mwenziwe, na hakuna anayechelewa, maana utachelewaje mahali ambapo hungojwi?

Mvua za masika zilipokwisha yakaanza maneno ya kikosi kuhamishwa. Niliyasikia kwa sababu ukuta ulikuwa wa fito na udongo umedondoka, na mimi nililala sebuleni. Wanataka wanaume wa kwenda mbali, ng'ambo ya milima, kwenye kambi mpya. Anayetaka aandikishe jina. Anayebaki atatafuta kazi nyingine. Esta alisema, "Na banda langu? Nimwachie Hadija peke yake? Na watoto tukalale kwenye mahema?" Yeremia akasema, "Sijasema naenda." "Hujasema unabaki pia." Kisha Stefano analia, kisha hatua za Esta. Siku zile Yeremia akaanza kuchelewa. Alikaa kambini na wenzake wakizungumza habari za kwenda na kubaki, na sisi tunamngoja, ugali haujasongwa, maji yanachemka mpaka yanakauka naongeza mengine. Naomi alikuwa analala na njaa, namwamsha kumlisha. Mara tatu, mara nne ikawa hivyo. Hata Hamisi utani ulimwishia.

Asubuhi moja Esta akasema. Nilikuwa pale mlangoni nimembeba Stefano, na Hamisi alikuwa anajaza upepo baiskeli, kwa hiyo wote tulisikia. Alikuwa ameshajitwisha unga, hakugeuza hata shingo. Alisema, "Yeremia, mimi nasimama motoni kutwa, narudi nakaa na njaa nakungoja kama mwali. Ukichelewa tena leo, utalikuta sufuria limefudikizwa." Akaondoka. Hamisi akapiga mluzi mdogo. Yeremia alimtazama mkewe mpaka amepotea kwenye kona, akaniambia, "Dada yako ana ulimi," lakini alikuwa anatabasamu, nakumbuka meno yake. Nayasema haya ili ijulikane kwamba asubuhi ile hakuna kitu kilikuwa kimevunjika. Lilikuwa neno la mke aliyechoka. Lingekwisha jioni kwenye sahani.

Jioni ile kwa Mama Pili, nyumba ya tatu kutoka kwetu, walikuwa wanamtoa mwali. Ngoma zilianza alasiri. Mama Pili alikuja akasema, "Rehema mwanangu, nina wageni kutoka Magole mpaka wamekaa juu ya vinu. Niazime lile sufuria kubwa la Esta nipikie wali." Sufuria lilikuwa moja tu la kufaa, hilohilo la ugali. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ngoma inanipiga tumboni. Hamisi ameshakwenda ngomani. Naomi na Stefano wameshachukuliwa na binti za Mama Pili. Esta hajarudi, baadaye tulijua basi la abiria lilizuiwa na tembo waliokaa barabarani, na lilipofika wote walitaka kula kwa pamoja. Yeremia hajarudi. Nikawaza, kama nitangoja wote, ngoma itaisha. Basi nikasonga ugali mapema, nikawapakulia Esta na Yeremia. Cha Yeremia nikakiweka kwenye bakuli la bluu, na kisamvu cha karanga kwenye kibakuli, nikakifunika kwa sahani, nikakiweka juu ya stuli nyuma ya mlango wa sebule. Cha Esta pembeni yake. Nikasugua sufuria. Sufuria la kuazimisha huwezi kulitoa na masizi, utaitwa mchafu mtaa mzima. Nikalifudikiza kichanjani lichuje maji, nikaingia ndani kubadili nguo.

Ni muda wa kufunga kitenge tu. Nilikuwa na shimizi, natafuta kile kitenge chenye maua ya manjano, nikasikia baiskeli ya Yeremia inaingia uani. Ilikuwa na bati la matope linalogongagonga, huwezi kuikosea. Ikasimama. Nikamsikia anakohoa. Sikusikia hatua. Nikajua amesimama mahali pamoja, na nikajua ni mahali gani, maana kutoka dirishani kwangu hadi kichanjani hazifiki hatua kumi. Wakati huohuo nikakumbuka sufuria. Nataka kusema kwamba sikukumbuka, ingekuwa rahisi kwangu, lakini nilikumbuka. Nikafungua mdomo niseme, "Shemeji, chakula chako kipo ndani." Na nikaona aibu. Msichana yuko na shimizi, peke yake nyumbani, anamwita mume wa dada yake aingie ndani. Nikasema moyoni, ngoja nifunge kitenge kwanza, nitoke nimwambie. Nikatafuta pini. Bati la matope likagonga tena, likatoka uani, likaenda. Nikajisemea, amekwenda dukani kununua sigara. Nikachukua sufuria, nikalipeleka kwa Mama Pili, na nilicheza. Nilicheza vizuri, watu walinitunza.

Esta alirudi akiwa amechoka hata kanga haimkai. Tulikutana mlangoni, mimi na watoto tunatoka ngomani, yeye anatoka bandani. Akaingia, akafunua bakuli la bluu. Ugali ulikuwa umefanya ngozi. "Baba Naomi hajaja?"

"Sijui, dada," nikasema. "Nilikuwa kwa Mama Pili."

"Na sufuria liko wapi?"

Hapo ndipo. Kabla ya hapo lilikuwa kosa la mtoto. Nikasema, "Mama Pili alikuja kuliazima. Alilichukua na ukoko wake, ameliosha kwake."

Akaitikia kwa kichwa. Hakula chakula chake. Alikaa kwenye kile kigoda cha jikoni, na mafiga matupu mbele yake.

Asubuhi Hamisi, aliyekuwa amedamka kwenda kambini, alirudi anahema. Yeremia alilala kule. Lori la wanaokwenda ng'ambo ya milima lilikuwa limeondoka alfajiri, na Yeremia alikuwa amepanda, jina lake likiwa la mwisho kwenye karatasi. Hamisi alikuwa amemshika mkono kumzuia. "Nikamwuliza, ndugu yangu, mke je, watoto je? Akasema, nimeshaambiwa. Nikasema umeambiwa nini? Akasema hivyohivyo, nimeshaambiwa. Hataki kusema zaidi." Esta alikuwa amesimama na unga kichwani. Alishusha unga chini. Alisema, taratibu sana, "Nimemwambia mimi. Kwa mdomo wangu huu, mbele yenu wote." Akajipiga mdomo kwa kiganja, mara moja, mara mbili, Hamisi akamshika. Mimi nilikuwa nawatupia kuku wa Mama Pili ugali wa Yeremia. Nilisikia kila neno. Nilijua maana ya lile neno ambalo Hamisi hakulielewa. Nikaendelea kumega, natupa, namega, natupa.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliishi pale kama mtu anayekaa kwenye nyumba aliyoichoma mwenyewe. Mnasema ningeweza kusema. Ndiyo. Kila siku iliniongezea uzito: leo sikusema kwa sababu jana sikusema. Na shetani hakunipa nafasi moja, alinipa nyingi. Esta hakujua kuandika zaidi ya jina lake, kwa hiyo barua kwa mumewe niliandika mimi. Mbili. Alikaa pembeni yangu kwenye mkeka, Stefano kifuani, akasema, "Mwandikie kwamba yale maneno ya asubuhi yalikuwa ya hasira. Mwandikie nimekosea, anisamehe, arudi. Mwandikie Naomi anamwulizia." Nikaandika yote, kwa mwandiko mzuri, bila kosa. Nafasi ilibaki chini ya karatasi, kama vidole vitatu. Ingetosha kabisa: sufuria niliosha mimi, Rehema, chakula chako kilikuwepo. Nikamwuliza, "Mwisho, dada?" Akasema, "Mwisho." Nikatia saini yake.

Hakujibu. Ndipo Esta akaanza. Alirudi kutoka bandani, akanifukuza jikoni, akapika mwenyewe, tukala, akafuta mdomo, akabakiza tonge katikati ya ukoko, akafunika, akasema, "Mtu asiguse." Mimi nilirudi Kilosa mwisho wa mwaka nikaolewa. Nilipokwenda kumtembelea baadaye, mwaka hadi mwaka, nilikuta ni vilevile. Bi Hadija alifariki, Hamisi alirudi Kimamba akaoa na akazeeka, Stefano alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa, nyumba ikabomoka wakajenga ya tofali mahali palepale, na sufuria likatoboka likapelekwa kwa mafundi likazibwa. Wanaume wawili walimposa. Akawajibu kwamba ana mume, ila yuko kazini. Mara moja tu, tumezeeka wote wawili, aliniambia tukiwa tunamenya njugu: "Rehema, ulimi ni kitu kibaya. Nilimfukuza mtu mwema kwa sentensi moja." Nikamwambia, "Mungu anajua, dada." Hilo ndilo nililopata la kumwambia, na mimi nimekaa na ganda la njugu mkononi.

Basi nikaenda Mikumi kumzika. Mchungaji alikuwa ametaka jina la mume kwa ajili ya kusomwa, na Naomi, kwa kuulizauliza, akagundua kwamba Yeremia yu hai, amerudi uzeeni kwao Vidunda, mke aliyemwoa huko mbali amefariki. Alimpelekea habari bila kutumaini. Siku ya mazishi, tumeshatoka makaburini, nimekaa chini ya turubai na wamama wa kanisa, nikaona bodaboda inaingia na mzee juu yake, mrefu, koti la suti lililopauka, fimbo. Alikuwa amechelewa. Nilimjua kwa namna alivyosimama. Alishuka, akasimama palepale, akaangalia upande ule ambako zamani kulikuwa na kichanja na mpapai. Sasa kipo kichanja cha mbao, mpapai hakuna.

"Shikamoo shemeji," nikasema.

"Marahaba." Akanitazama sana. "Rehema. Ulikuwa mtoto."

Akawekwa kiti kando, na mimi nikakaa karibu kwa sababu hakuna mwingine aliyemfahamu. Naomi alikuja, akapiga goti, akasema, "Shikamoo baba," kama anavyomwambia mzee yeyote, akaenda kuwahudumia watu. Yeremia alimfuata kwa macho. Kisha akasema, bila mimi kuuliza, "Nilikuwa sijaamua, unajua. Siku ile nilichelewa kwa sababu nilizungukazunguka na baiskeli. Nikasema, nitakwenda nyumbani, tutakula, tukila nitajua. Mtu akila na watu wake anajua." Akachora kitu ardhini kwa fimbo. "Nikalikuta sufuria. Alisema asubuhi atafanya, akafanya. Barua nilizipata, zote mbili. Zilikuwa nzuri. Ziliomba samahani kwa maneno. Juu ya sufuria hazikusema kitu. Nikajua maneno ameyafuta, sufuria hajalifuta."

Wamama walikuwa wanaimba, si kwa sauti kubwa. Nikasema, "Shemeji, sufuria niliosha mimi. Esta alikuwa bandani, hakuwahi hata kuliona. Mama Pili alitaka kuliazima. Mimi ndiye niliyelifudikiza. Na nilikusikia ulipokuja. Nilikuwa ndani."

Hakugeuka. Nilisubiri anipige kwa ile fimbo, ningeshukuru. Kisha akauliza, "Ilikuwa mboga gani?"

"Kisamvu. Cha karanga."

"Kilikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango. Juu ya stuli. Kilikuwa kimefunikwa."

Akainua fimbo, akaielekeza kutoka mahali kilipokuwa kichanja hadi ulipo mlango, kama mtu anayepima kiwanja. Midomo yake ilikuwa inahesabu hatua. "Ungeniita," akasema. "Ningesikia, Rehema. Nilisimama pale kwa muda mrefu." Halafu akasema, "Na yeye hakujua mpaka amekufa?" Nikasema hakujua. "Basi umetuua wote wawili," akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Ningemwomba kwa ajili ya nani? Mwenye haki ya kunisamehe tulikuwa tumemfukia udongo asubuhi.

Naomi alimletea sahani ya wali na maharage, imefunikwa kwa sahani nyingine, akaiweka kwenye stuli pembeni yake, akasema, "Karibu baba," akarudi jikoni. Yeremia aliitazama ile sahani iliyofunikwa. Akainuka. Akaita bodaboda yake kwa mkono. Nilitaka kusema, shemeji, kula kwanza. Maneno yalikuwepo mdomoni, yaleyale, na nina miaka hii yote, sina shimizi, sina cha kuonea aibu. Pikipiki ikawaka.

Naomi akatoka na sufuria la mama yake. Wamama walikuwa wamemaliza kuosha vyombo vyote vya msiba, na hilo limebaki, lina ukoko wa Jumanne umekauka kama gome. Akauona uwanja, akaiona stuli. Akainua kifuniko, akaona wali haujaguswa.

"Baba ameondoka?"

"Ameondoka."

"Bila kula? Jamani, mtu ametoka Vidunda mpaka hapa. Nimemkosea nini, mama mdogo? Kwa nini hakula?"

Alikuwa amesimama na sufuria ubavuni, sura yake ni ya Esta kabisa, amechoka kama Esta anavyochoka.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaita kuku, akawatupia ule wali. Kisha akainama bombani, akalisugua sufuria la mama yake mpaka likang'aa, na akalifudikiza kichanjani.